Mstatili ndani ya tao la parabola: namna ya kulitatua swali, hatua kwa hatua

Jioni moja barazani kwetu Wete, mwanafunzi wa Kidato cha Nne alinifungulia daftari lake akaniambia, "Maalim, hili limenishinda." Ukurasa ulikuwa umejaa. Alikuwa ameandika kwamba eneo ni urefu mara upana, akaweka herufi mbili, akazidisha, akafuta, akaandika tena, na kila alipofika katikati zile herufi mbili zilibaki mbili. Nilipitia mstari kwa mstari, sikuona kosa la kuzidisha wala la kutoa. Kilichokosekana ni sentensi moja ambayo hakuiandika: pembe ya juu ya mstatili imekaa juu ya parabola.

Nimeliona jambo hilo mara nyingi, na huwa linaniuma, kwa sababu wanaokwama hapo ni watoto wenye akili na bidii. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao. Swali ninalotumia ni hili:

Lango la ukumbi wa harusi lina umbo la parabola. Upana wake usawa wa sakafu ni futi 6, na kimo chake katikati ni futi 9. Mstatili umesimama ndani ya lango, kitako chake kimekaa sakafuni na pembe zake mbili za juu zinagusa tao. (a) Mstatili wenye mzingo mkubwa kuliko yote una vipimo gani? (b) Na ule wenye eneo kubwa kuliko yote? (c) Kabati la bibi harusi lenye upana wa futi 3 na kimo cha futi 7 litapita langoni likiwa limesimama?

Nimetumia futi kwa makusudi, maana mafundi wetu hupima kwa futi na inchi. Na kama bado huna picha ya parabola kichwani, wakumbuke vijana wanaoruka baharini jioni pale Forodhani. Njia ya mwili wa kijana hewani, tangu miguu iachane na ukingo mpaka aguse maji, ni parabola: inapanda, inafika kileleni, inashuka. Tao letu lina umbo hilo hilo.

Kuweka mihimili

Chukua karatasi ya grafu, penseli na rula. Chora mstari wa sakafu, uufanye mhimili wa x. Sasa amua sifuri uiweke wapi, kwa sababu lango halina sifuri yake. Ni wewe unayelipatia.

Ukiiweka kwenye mguu wa kushoto wa tao, mlinganyo utatoka y = 6x − x². Ukiiweka kileleni, utatoka y = −x². Ukiiweka sakafuni katikati ya lango, utatoka y = 9 − x². Yote mitatu ni kweli, na lango halikusogea hata inchi. Mimi nachagua katikati ya sakafu kila mara ninapopewa hiari. Pembe mbili za juu za mstatili ziko kwenye kimo kimoja, na kwenye tao hili kila kimo chini ya kilele kinapatikana mahali pawili tu, kimoja kulia na kimoja kushoto, kwa umbali ule ule kutoka katikati. Kwa hiyo pembe ya kulia ikiwa kwenye x, ya kushoto iko kwenye −x bila mjadala.

Mlinganyo wenyewe tunaupata hivi. Kilele kiko kwenye nukta (0, 9), na tao linashuka sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo

y = 9 − kx²

ambapo k ni namba tusiyoijua bado. Mguu wa kulia wa tao uko kwenye (3, 0). Angalia vizuri: ni 3, nusu ya upana. Tukiingiza nukta hiyo, 0 = 9 − 9k, basi k = 1. Aliyeingiza 6 badala ya 3 atapata k = 1/4, na lango lake litakuwa na upana wa futi 12. Ndiyo maana, ukishapata mlinganyo, ujaribu papo hapo: weka x = 3, je, y ni sifuri? Weka x = 0, je, y ni 9? Ni kazi ya sekunde chache na inaokoa ukurasa mzima.

Pengine karatasi ya mtihani itakupa mlinganyo tayari, tuseme y = 6x − x². Usiogope, ni lango lile lile. Kamilisha mraba:

6x − x² = 9 − (x − 3)²

Hapo unaona kilele kiko kwenye (3, 9) na mstari wa katikati ni x = 3. Mbinu hii ya kukamilisha mraba aliieleza al-Khwarizmi kule Baghdad katika karne ya 9, kwa kuchora miraba halisi na kuongeza kipande kilichopungua pembeni. Neno aljebra lenyewe limetokana na al-jabr iliyomo katika jina la kitabu chake. Nawashauri wanafunzi wachore angalau mara moja kama yeye, kwa sababu anayeikariri kwa herufi peke yake huisahau baada ya wiki.

Pembe moja ibebe mstatili mzima

Hapa ndipo daftari la yule kijana lilipokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Weka kidole kwenye pembe ya juu kulia ya mstatili. Majira yake, yaani namba mbili zinazoonyesha mahali ilipo, ni (x, y). Herufi mbili. Lakini nukta hiyo iko juu ya tao, na tao lina sheria: y = 9 − x². Basi y si namba huru. Ukishachagua x, y imeshachaguliwa. Kwa hiyo pembe ile iandike (x, 9 − x²), na usiiandike tena kwa namna nyingine mpaka umalize swali. Pembe nne zinatoka zote kwenye herufi moja:

juu kulia (x, 9 − x²), juu kushoto (−x, 9 − x²), chini kulia (x, 0), chini kushoto (−x, 0).

Upana wa mstatili ni umbali kutoka −x mpaka x, yaani 2x. Kimo ni 9 − x². Wengi huandika x kama upana kwa sababu kidole kiko kulia na jicho limesahau upande wa kushoto. Ukifanya kosa hilo, eneo litatoka nusu ya linalotakiwa, na mzingo utakupa mstatili ambao si wenyewe kabisa.

Kabla ya kuendelea andika pembeni: 0 < x < 3. Ikiwa x ni 0, mstatili umekuwa mstari uliosimama. Ikiwa ni 3, umelala sakafuni bila kimo. Mipaka hii itatusaidia baadaye kukataa majibu ambayo aljebra inayatoa lakini lango haliyakubali.

Kabati la bibi harusi

Tuanze na (c), kwa kuwa haidai zaidi ya kuingiza namba. Kabati lina upana wa futi 3, nusu yake ni 1.5. Likipita katikati ya lango, pembe zake za juu ziko kwenye x = 1.5 na x = −1.5. Kimo cha tao mahali hapo:

y = 9 − (1.5)² = 9 − 2.25 = 6.75

Kabati lina futi 7. Robo futi inazidi, yaani inchi 3. Halipiti.

Huna haja ya kuangalia ubavu wa kabati kote. Tao hili linazidi kuwa jembamba kadiri linavyopanda, kwa hiyo pembe za juu zikipita, kilicho chini yake kimeshapita. Na wabebaji wakililaza, mstatili unaokutana na lango ni mwingine. Tuseme kina cha kabati ni futi 2 na wamelinyanyua futi 3 kutoka sakafuni: pembe za juu ziko kwenye futi 5 tu, na kwenye x = 1.5 tao linatoa 6.75. Linapita vizuri.

Fundi anaweza kuligeuza swali: mlango wa kimo cha futi 7 unaweza kuwa na upana gani? Sasa kimo ndicho tunachokijua:

7 = 9 − x², basi x² = 2, na x ni kipeuo cha pili cha 2, karibu 1.414.

Upana ni mara mbili yake, 2.828, yaani futi 2 na inchi 9.9 hivi. Mwanafunzi atakadiria futi 2 na inchi 10, na darasani atapata alama zake. Fundi akikata inchi 10 kamili, pembe zitakwaruza tao. Kitu kinachoingia ndani ya kingine hukadiriwa kwa kushusha.

Mzingo mkubwa kuliko yote

Mzingo ni mara mbili ya upana kujumlisha mara mbili ya kimo:

M = 2(2x) + 2(9 − x²) = 18 + 4x − 2x²

Kamilisha mraba:

M = 20 − 2(x − 1)²

Kitu kilichopigwa mraba hakiwi hasi, kwa hiyo M haiwezi kuzidi 20, na inafika 20 pale x = 1 tu. Upana futi 2, kimo futi 8, mzingo futi 20. Kwa Kidato cha Nne hapo umemaliza.

Napenda pia wanafunzi waone kwa nini ni 1. Sogeza pembe ya juu kulia kidogo sana, kiasi d. Upana unaongezeka 2d, kwa sababu na pembe ya kushoto imesogea. Kimo nacho kinapungua karibu 2x mara d, kwa sababu tao mahali hapo lina mteremko wa −2x. Maadamu x iko chini ya 1, unachopata kwenye upana ni kikubwa kuliko unachopoteza kwenye kimo. Ikivuka 1, hasara inaizidi faida. Kilele cha mzingo ni pale viwili hivyo vinapolingana.

Eneo kubwa kuliko yote

Sasa uzito wa swali.

E = 2x(9 − x²) = 18x − 2x³

Kuna x³ humu, kwa hiyo kukamilisha mraba hakutufikishi. Kabla ya kutafuta mbinu, jaza thamani chache, uone eneo linavyokwenda:

x = 0.5: upana 1, kimo 8.75, eneo 8.75
x = 1: upana 2, kimo 8, eneo 16
x = 1.5: upana 3, kimo 6.75, eneo 20.25
x = 2: upana 4, kimo 5, eneo 20
x = 2.5: upana 5, kimo 2.75, eneo 13.75

Eneo linapanda, kisha linashuka, na kilele kiko mahali fulani karibu na 1.5 na 2. Ukipata jibu nje ya hapo, rudi ukaangalie kazi yako. Tena ona kwamba mstatili wa (a), ule wa x = 1, una eneo la 16 tu. Mzingo mkubwa na eneo kubwa ni mistatili miwili tofauti, na usikubali kuchukua jibu la (a) ukaliweka (b).

Wa Kidato cha Sita wanatafuta kasi ya badiliko la eneo na kuiweka sawa na sifuri:

18 − 6x² = 0, basi x² = 3, na x = √3, karibu 1.732.

Aljebra inatoa na −√3 pia. Mipaka tuliyoandika mapema inalikataa. Kimo ni 9 − 3 = 6. Upana ni 2√3, karibu futi 3.46, yaani futi 3 na inchi 5 na nusu ukishusha. Eneo ni 12√3, karibu futi za mraba 20.78.

Na asiyesoma kalkulasi, yaani hesabu hiyo ya kasi ya badiliko? Kuna njia ambayo mimi naiona nzuri zaidi. Chukua namba mbili chanya ambazo jumla yake ni 10: 7 × 3 ni 21, 6 × 4 ni 24, 5 × 5 ni 25. Zao linakuwa kubwa kabisa namba zinapolingana. Jambo hilo ni kweli hata kwa namba tatu, sharti jumla yake isibadilike. Sasa piga eneo mraba:

E² = 4x²(9 − x²)(9 − x²)

Zitazame namba hizi tatu: 2x², 9 − x², na 9 − x². Zijumlishe: 2x² inafutana na −x² mbili, inabaki 18 daima, x iwe yoyote. Zao lake ni nusu ya E². Basi E inakuwa kubwa kabisa zote tatu zikilingana, kila moja ikiwa 6. Kwa hiyo 9 − x² = 6, na x² = 3. Jibu lile lile, bila kalkulasi. Ile 2 tuliyoiweka mbele ya x² ndiyo siri ya njia hii: bila yake jumla ingebadilika kila x inapobadilika, na kanuni isingetumika.

Anayetaka ushahidi usio na shaka, atoe eneo lolote kutoka 12√3 na kuligawa katika vipande vya kuzidisha:

12√3 − (18x − 2x³) = 2(x − √3)²(x + 2√3)

Fungua mabano ya kulia mwenyewe, uone yanarudi kushoto. Kwa x iliyo chanya, upande wa kulia hauwi hasi kamwe, na ni sifuri pale x = √3 tu. Basi hakuna mstatili wowote ndani ya lango hili unaoweza kuzidi 12√3.

Kimo cha mstatili huu ni futi 6 kati ya 9, theluthi mbili. Hilo halikutokea kwa sababu ya namba zetu. Kwa lango lolote la parabola linaloanzia sakafuni, mstatili wenye eneo kubwa una kimo cha theluthi mbili ya kimo cha lango, na upana wake ni upana wa lango ukigawanywa kwa √3, karibu asilimia 57.7. Archimedes wa Syracuse, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba eneo la ndani ya tao kama hili ni theluthi mbili ya mstatili unaolizunguka kwa nje. Kwetu: theluthi mbili ya 6 × 9 ni 36. Gawanya 20.78 kwa 36, unapata 0.577 tena. Mara ya kwanza nilipoiona namba hiyo imerudi, niliifanya hesabu upya nikidhani nimekosea.

Mtihani wakati mwingine huuliza mstatili ulio mraba. Hapo upana na kimo vinalingana: 2x = 9 − x², basi x² + 2x − 9 = 0, na x = −1 + √10, karibu 2.162. Upande ni futi 4.32 hivi, na eneo karibu 18.7, chini ya 20.78. Ile fikra kwamba mraba hushinda daima ni kweli kwa mistatili yenye mzingo mmoja, na hapa mizingo haifanani.

Kabla ya kuchukua rula kwenda kwenye tao la kweli

Matao ya mawe utakayoyaona Mji Mkongwe mengi yamejengwa kwa vipande vya duara, na mengine yamechongoka juu. Mlinganyo wetu hauyahusu. Ukitaka kujua kama tao lako ni parabola, kwa futi kamba pima nusu ya upana kutoka katikati hadi mguuni, kisha simama nusu ya umbali huo kutoka katikati, upime kimo cha tao. Parabola itakupa robo tatu ya kimo cha kilele: kwa lango letu ni 6.75 kati ya 9. Nusu duara inatoa karibu asilimia 87. Ukipata robo tatu, pima na mahali pa tatu, tuseme theluthi ya umbali kutoka katikati, ambapo parabola hutoa nane ya tisa, kwa kuwa umbo jingine linaweza kupita mahali pamoja kwa bahati.

Jaribu sasa lango la upana wa futi 8 na kimo cha futi 12. Usitazame mistari inayofuata mpaka umalize.

Mlinganyo ni y = 12 − (3/4)x². Mzingo mkubwa uko kwenye x = 4/3: upana futi 2.67, kimo futi 10.67, mzingo futi 26.67. Eneo kubwa liko pale x² = 16/3: kimo futi 8, upana futi 4.62, eneo futi za mraba 36.95. Kama kimo chako kimetoka 8 lakini upana ni 2.31, umesahau upande wa kushoto. Kama mlinganyo wako una 3/16 badala ya 3/4, umeingiza 8 mahali pa 4. Rudi kwenye mguu wa tao uanzie hapo.